Kurudia KCSE Ukiwa Mtu Mzima: Piga Hesabu, Juu Saa Inasonga

Kama ulimaliza form four 2016 ama 2017, hii story ni yako. Kama ulimaliza juzi ukabeba D na mtaa mzima ukakuambia "maisha si vitabu pekee", wewe pia kaa hapa kidogo. Na kama uko na miaka 35, uko na watoto wawili, na kuna kazi umenyimwa mara tatu sababu ya karatasi ya kitambo, usiende mbali.

Swali ni moja: unaweza kurudia KCSE ukiwa mtu mzima? Jibu ni ndio. Sheria haina shida na ndevu zako. KNEC inasajili watahiniwa wa kibinafsi kila mwaka, na ndani yao kuna makanga, mama mboga, masoja, mpaka wafungwa wenye wanaketia huo mtihani wakiwa jela. Swali gumu ni lile la pili: inakufaa?

Hilo swali liko na deadline. Darasa la mwisho la 8-4-4 liliingia form one 2024, na litafanya KCSE 2027. Nyuma yao ni watoto wa CBC, wenye walianza Grade 10 Januari 2026. Usajili wa 2025 ulifungwa kitambo. Kwa hivyo mitihani ya kawaida yenye imebaki mbele yako ni miwili: 2026 na 2027. Nafasi ya kurudia baada ya hapo itategemea venye KNEC itaamua, na maisha yako hayafai kuegemea tangazo lenye unangojea. Ukisema "nitarudia siku moja", hiyo siku saa hii iko na tarehe.

Wale wa wakati wa Matiang'i

Wacha tuanze na idadi, juu watu wengi hubeba aibu yenye si yao pekee yao.

KCSE ya 2015, watu 2,685 walipata A. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu na mianya ya wizi wa mtihani ikiwa imezibwa, A zilikuwa 141. Wenye walipata C+ kwenda juu walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929. Ukidhani hiyo ndio ilikuwa chini kabisa, 2017 ikaja na 70,073 tu, yaani kama 11 kwa kila watu 100.

Hao watu hawakupotea. Ndio hawa wako na miaka 26, 27, 28 saa hii. Wengine wanaendesha boda, wengine wako Gulf, wengine wanauza simu Luthuli, wengine walijipanga kwa njia zao na wako sawa. Lakini kila wakitoa cheti, kinasema D+ bila kueleza kilitoka mwaka gani na hali ilikuwa gani. Mtu wa HR haoni 2017. Anaona D+.

Linganisha na KCSE ya 2024: kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Hiyo ni kama mmoja kwa kila wanne. Kuna kitu kilibadilika hapo katikati, na tutakifikia, juu kinakuhusu. Lakini usisahau upande ule mwingine: zaidi ya 716,000 hawakufika C+ mwaka huo mmoja. Ukikosa, hukuwa peke yako darasani, na si wewe uliye mjinga wa kijiji.

Ngazi iko, lakini huko juu kuna soja

Ukienda kwa washauri watakuambia usirudie chochote. "Panda ngazi." Na hawadanganyi. Artisan inachukua hata mtu wa E. D plain inakuingiza kozi ya cheti. C- inakuingiza diploma. Ukimaliza diploma vizuri, vyuo vikuu vingi vinakupokea kwa digrii bila kuwa na C+. KUCCPS yenyewe imekuwa ikifungulia TVET watu wenye walifanya KCSE kuanzia mwaka wa 2000, so huwezi sema umepitwa na wakati.

Kwa kazi nyingi hiyo ngazi inafanya kazi fiti kabisa. Chukua uhasibu. KASNEB inataka C+ ndio uingie CPA moja kwa moja, lakini ukiwa na C- unaingia diploma yao ya ATD, unamaliza, unavuka kwa CPA. Hakuna mtu atakuuliza ulipata ngapi Chemistry. Umeme, plumbing, upishi, urembo, magari, kompyuta: huko mkono wako ndio unaongea. Na kama umefanya kazi miaka kumi bila karatasi, kuna mpango wa RPL chini ya KNQA, wenye unapima ujuzi uko nao na kukupa cheti chake bila kukurudisha darasani.

Shida iko kwa milango michache yenye ngazi inafika, halafu unapata soja amesimama hapo juu na swali moja: "KCSE ulipata ngapi?"

Ualimu wa sekondari ndio mfano mkubwa. Unaweza kupitia diploma, ukapata digrii ya elimu, ukapiga picha na joho. Lakini TSC ikikusajili inataka C+ ya KCSE, na C+ kwa yale masomo mawili utafundisha. Digrii haifuti hiyo.

Sheria, hivyo hivyo. Ukitaka kuwa wakili unapitia Kenya School of Law, na sheria ya hiyo shule iliandika C+ ya KCSE na B plain kwa English ama Kiswahili. Watu wenye walipanda ngazi mpaka LLB wamejikuta nje ya geti, na hiyo vita ya "nilipanda ngazi" dhidi ya "KCSE yako iko wapi" imezunguka kortini miaka mingi.

Uuguzi nao: diploma inataka C plain, na wanaangalia lugha na Biology pia. Polisi kwa matangazo ya karibuni wamekuwa wakitaka D+, KDF nao D plain kwa makurutu wa kawaida.

Hapo ndio utaona kitu chenye hii serikali haipendi kusema kwa sauti. Inakuambia upande ngazi, halafu waajiri wake wenyewe wanakurudisha kwa mtihani uliofanya ukiwa na miaka 17, pengine fees ikiwa haijalipwa na ukiwa umetumwa nyumbani nusu ya third term. Watu wazima hawarudii KCSE juu wanapenda vitabu sana. Wanarudia juu kuna mlango mmoja wanautaka, na huo mlango hauna ufunguo mwingine.

Jirani zetu wa Uganda walifikiria hii maneno. Ukiwa na miaka 25 na zaidi, unaweza kuketia mtihani wa mature age na uingie chuo kama Makerere bila kurudi kwa mtihani wa shule. Sisi hatuna mtihani wa kitaifa wa aina hiyo. Mkenya wa miaka 30 anapewa karatasi ile ile ya mtoto wa form four, kwa chumba kile kile, siku ile ile.

Toa result slip, tupige pointi

Kabla hujalipa hata soo moja mahali, toa result slip. Kila gredi ni pointi: A ni 12, inashuka moja moja mpaka E ambayo ni 1. Masomo saba yanajumlishwa, so ya juu kabisa ni 84. C+ inaanza na pointi 46. C plain inaanza 39, C- inaanza 32, D+ inaanza 25, D plain inaanza 18.

Sasa jiangalie. Kama uko na C plain ya pointi 43, unahitaji tatu tu. Hiyo ni masomo matatu kila moja kupanda ngazi moja. Mtu mzima mwenye akili imetulia anaweza kufanya hiyo kwa mwaka mmoja hata akiwa na kazi.

Kama uko na D+ ya pointi 28, unahitaji 18. Gawanya kwa saba: kila somo lipande zaidi ya ngazi mbili na nusu. Inawezekana, lakini hapo si kusoma usiku ukitoka job pekee. Unahitaji odijo, unahitaji mazoezi ya maabara, na pengine unahitaji miaka miwili. Miwili ndio iko.

Na kama uko na D- ya pointi 14, unahitaji 32, na mtu akikuuzia ndoto ya C+ kwa miezi sita, shika pochi yako. Kwako ngazi ni fupi kuliko kurudia.

Sasa ile kitu nilisema ilibadilika. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya jumla inatoka kwa Hesabu, lugha moja yenye umefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Zamani lugha zote mbili zilihesabiwa lazima, pamoja na sayansi mbili. Maana yake kwako: ukisajili masomo nane, lile bovu zaidi linaanguka, hata likiwa English ama Chemistry. Hesabu pekee ndio haianguki. Ukisajili saba, yote saba yanahesabiwa, so huna cha kutupa.

Lakini chunga. Hii haibadilishi cheti chako cha kitambo, na haibadilishi masharti ya kozi. Ukitaka nursing, huwezi kuacha Biology iende na maji ati juu gredi ya jumla imeshikilia. Anza na mlango unataka, soma masharti yake, ndio uchague masomo.

Gharama yenye haiko kwa risiti

Watoto wa shule wamekuwa wakilipiwa mtihani na serikali. Wewe unajilipia. Lakini ada ya KNEC ndio sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni muda. KCSE haifanywi weekend. Orals na practicals zinaanza Oktoba, halafu karatasi zinafuatana mpaka Novemba, asubuhi na mchana, siku za wiki. Kama unalipwa kwa siku, hizo ni wiki za kukosa mshahara, na landlord hajui kitu inaitwa Paper Two. Kama umeajiriwa, ongea na boss mapema na uweke leave yako yote hapo. Ukingoja Septemba kumuambia, utachagua kati ya mtihani na kazi, na watu wengi huchagua kazi baada ya kulipa kila kitu.

Ya pili: vitabu vimebadilika. Kama ulifanya 2016, ulisoma *Kidagaa Kimemwozea* na *Mstahiki Meya*. Hizo zilienda. Saa hii Fasihi ni *Nguu za Jadi* na *Bembea ya Maisha*, na English ni *Fathers of Nations*. Notes za kakako mkubwa ni za kufungia mandazi.

Ya tatu: masomo ya project. Agriculture, Computer na mengine ya hivyo yana kazi inaanza mapema mwaka na inaalikwa kwa alama. Mtahiniwa wa kibinafsi akijisajili kwa somo la project bila kituo chenye kitamsimamia, amejichimbia shimo. Hata sayansi zinataka maabara. Kabla ulipe kituo, ingia ndani. Uliza: practicals tutafanyia wapi, mara ngapi, na nani anatufundisha? Wakikuonyesha chumba cha tao chenye iko na whiteboard pekee, na uko na Chemistry, toka.

Ya nne ni ile hakuna mtu husema: aibu. Kukaa kwa dawati nyuma ya mtoto wa miaka 17, msimamizi akikuangalia mara mbili akidhani umeletea mtu kalamu. Hii inamaliza watu kuliko Hesabu. Dawa yake ni kukumbuka hii nchi ilipigia makofi Mzee Kimani Maruge, mwenye aliingia darasa la kwanza Eldoret 2004 akiwa na miaka 84, na uniform. Wewe uko na 27. Tulia.

Njia za mkato ni mtego

Kila Oktoba kuna magroup ya Telegram yenye yanauza "karatasi". Nyingi ni uongo mtupu: unatuma pesa, unapewa past paper ya 2019, unablokiwa. Na ukipata ya kweli ni mbaya zaidi. Matokeo yakifutwa, umepoteza mwaka, na kwako mwaka ni nusu ya nafasi yenye imebaki. Kuvujisha mtihani ni jela, si kupigwa mabenchi.

Kuna wale wengine: "Kwani unasoma za nini? Kuna msee River Road, cheti ni siku mbili." Sikiza. Tume ya utumishi wa umma, PSC, ilikagua vyeti vya wafanyikazi wa serikali na 2024 ikasema imepata vyeti feki zaidi ya 2,000. EACC imekuwa ikipeleka watu kama hao kortini, na wengine wameamriwa warudishe mshahara wote waliolipwa, si wa mwezi mmoja, wa miaka. Fikiria kufanya kazi miaka minane halafu uambiwe ulipe hiyo pesa. Cheti feki ni deni lenye riba, na mwenye anakudai ni serikali.

Na jambo moja la haki yako. Kuna watu wanataka kurudia juu cheti cha kwanza kimekaliwa na shule sababu ya balance ya fees. Usilipie mtihani mpya kwa hiyo. Sheria ya KNEC ya 2012 inakataza mtu ama shule yoyote kuzuilia cheti cha mtahiniwa. Enda na kitambulisho, uitishe kwa maandishi, na wakikataa peleka barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Sasa: nani arudie, nani aachane nayo?

Rudia kama unataka mlango wenye unaangalia KCSE yenyewe (ualimu, sheria, uuguzi) na pointi zako haziko mbali sana. Rudia kama uko C plain ama C- ya juu na digrii ndio lengo, ukiwa na uwezo wa kuishi zile wiki za mtihani bila mshahara. Ukipata C+, unahesabiwa na kikundi cha mwaka huo, na KUCCPS inakuona kama mtahiniwa mpya.

Usirudie kama kazi unataka iko na ngazi yake. Mtu wa D+ mwenye anataka kuwa fundi wa umeme, mhasibu ama mpishi, huo mwaka na hiyo doo ingemvusha cheti kizima. Atakuwa na karatasi ya kazi wakati mwenzake anangojea matokeo Januari.

Usirudie pia kama umri utakufungia mlango kabla ufike. Polisi wamekuwa wakichukua mpaka miaka 28, KDF 26 kwa makurutu wa kawaida. Ukiwa na 27 leo na unataka D+ ya kuingia polisi, ukifanya 2026 matokeo yanakuja 2027 na uko 28 ama umevuka. Hapo unacheza kamari na kalenda.

Na usirudie kwa sababu ya watu. Kuna msee ana biashara inaenda, watoto wanasoma, nyumba ni yake, lakini D yake inamuwasha kila akikutana na classmates. Huyo hahitaji KNEC. Anahitaji kubadilisha WhatsApp group.

Kama umepiga hesabu na jibu limekuja "rudia", basi hii ndio kazi ya wiki hii, si ya Januari: tafuta result slip na index number. Hakikisha jina kwa cheti na kwa ID linafanana, herufi kwa herufi. Andika kozi moja unataka na masharti yake kwa karatasi, ubandike kwa ukuta. Tembelea vituo viwili na uulize maswali ya maabara. Usajili huwa unafunguliwa mapema mwaka, na ukifungwa haungojei mtu alipwe end month.

Gredi ya miaka 17 ilisema venye ulikuwa wakati huo, na shule ulikuwa nayo, na pesa mathe alikuwa nayo. Kama kuna mlango mmoja bado unaitisha hiyo karatasi, uko na nafasi mbili za kuibadilisha. Kama hakuna, wachana na D yako ilale, na wewe endelea na kazi.

Wewe uko na pointi ngapi, na mlango wako ni gani? Hayo ni maswali mawili. Yajibu leo, kabla mtu akuuzie revision kit.